Mcheza Ugenini

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii husikika harusini na ngomani, pale mchezaji anapoingia uwanjani mbele ya shangazi na wajomba zake, na kila mmoja akajua kwamba ni wajibu kumtunza hata kama miguu yake haikwenda sawa na mapigo. Tuzo ya nyumbani haipimi uchezaji peke yake. Hupima pia ukoo, ujirani na kumbukumbu ya malezi. Mchezaji akiteleza, waliomzaa wapo. Akizeeka, watasema alikuwa mchezaji wa kutajika. Kuhusu mcheza ugenini methali imenyamaza. Haisemi kwamba hatuzwi, wala haisemi atatuzwa na nani, kwa kipimo gani, na kwa muda gani.

Maisha ya Donald Igwebuike, mzaliwa wa Enugu nchini Nigeria, yanaweza kusomwa kama jaribio la kuijaza nafasi hiyo tupu. Kwa miaka 6 alilipwa mshahara kwa kazi moja tu: kuupiga mpira kwa mguu wa kulia ili upite kati ya nguzo mbili. Aliifanya kazi hiyo katika mchezo ambao hakuzaliwa nao, katika nchi ambayo haikuwa yake, na aliifanya vizuri. Habari yake haiwezi kusimuliwa bila ya mtu mwingine, Obed Ariri wa Owerri, aliyemtangulia katika chuo kilekile, katika kazi ileile, na hatimaye katika kiti kilekile.

Kwanza mchezo wenyewe. Waswahili huuita mpira wa miguu kwa jina linaloeleza mambo yalivyo: kuna mpira na kuna miguu. Wamarekani nao wana mchezo wao wenye jina la namna hiyohiyo, lakini ndani yake mpira hubebwa mikononi, hurushwa kwa mikono na kukumbatiwa kifuani, na wanaume wenye helmeti hugongana mabega ili kuusogeza mbele yadi chache. Mguu huugusa mpira mara chache mno. Timu inaposhindwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, lakini ikawa imekaribia, huitwa mtu mmoja kutoka benchi. Mchezaji mwenzake huurudisha mpira nyuma kwa kuupitisha kati ya miguu yake, mwingine aliyepiga goti huudaka na kuusimamisha, na mpigaji huja na kuupiga. Tangu mpira unapoondoka chini hadi unapopigwa huwa imepita sekunde moja na kitu. Ukipita juu ya mtambaa wa panya na kati ya nguzo, timu hupata pointi 3. Baada ya hapo mpigaji hurudi kwenye benchi, na jezi yake mara nyingi haina hata doa la nyasi.

Aliyekulia katika soka ataona kejeli iliyomo humo. Katika soka, kupaisha mpira juu ya mtambaa wa panya ni aibu. Mashabiki huzomea, na mpigaji hushika kichwa. Katika futiboli ya Kimarekani mtambaa huo uko futi 10 kutoka ardhini, na kuupaisha mpira juu yake ndiyo kazi yenyewe. Kile ambacho kingemfanya kijana wa Enugu azomewe na rafiki zake ndicho kilichompatia riziki.

Mlango huo haukufunguliwa na Mwafrika. Hadi miaka ya mwanzo ya 1960 wapigaji wa Marekani walikuwa wakiuendea mpira moja kwa moja na kuupiga kwa ncha ya kiatu. Mwaka 1956, baada ya uasi wa Hungaria kuzimwa, familia moja ya Budapest ilikimbilia Marekani ikiwa na kijana aitwaye Pete Gogolak. Katika chuo kikuu cha Cornell alicheza futiboli, akawa anauendea mpira kwa upande na kuupiga kwa mgongo wa mguu, kama alivyofundishwa na soka. Mwaka 1964 Buffalo Bills walimwajiri. Mwaka 1966 alihamia New York Giants, yaani kutoka ligi moja kwenda kwa hasimu wake, na kuhama huko kukavunja mapatano ya kimya ya kutoibiana wachezaji. Wiki chache baadaye ligi hizo mbili zilikubaliana kuungana. Akafuata Jan Stenerud, Mnorwei aliyefadhiliwa masomo huko Montana kwa ajili ya kuruka kwa skii. Akaja pia Garo Yepremian, Muarmenia wa Kupro, ambaye hakuwa amecheza futiboli ya chuo hata siku moja. Mark Moseley wa Washington, aliyeacha kucheza mwaka 1986, kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa mwisho kati ya wapigaji wa kudumu waliotumia ncha ya kiatu. Katika muda wa miaka 22 ufundi wa wageni ulikuwa umeufuta ufundi wa wenyeji.

Ushindi huo ulikuja na sharti lake. Mgeni alikaribishwa kwa ajili ya kiungo kimoja cha mwili. Hakutakiwa kuujua mchezo wote, wala kuupenda, wala kugongana na mtu. Methali nyingine husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpigaji wa kigeni alipewa jembe siku ya kwanza, na hakukuwa na chumba cha wageni cha kulala kabla ya hapo.

Ariri na Igwebuike walifika kwa njia ya soka. Chuo Kikuu cha Clemson, katika mji mdogo wa Carolina Kusini, kilikuwa na kocha wa soka aitwaye I. M. Ibrahim, ambaye naye alikuwa mhamiaji, na ambaye aliona mapema kuliko wengi kwamba mchezaji aliyeiva hupatikana ng'ambo. Timu yake, iliyojaa vijana wa Nigeria na wa Karibiani, ilikuja kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1984 na 1987. Ndiyo miaka ambayo vyuo vya Marekani vilikuwa vikiitafuta miguu ya Afrika kwa kila hali. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikuwa akikimbilia chuo cha El Paso, Texas. Mkenya na Mtanzania waliitwa wakimbie, Mnigeria aliitwa acheze soka, na kila mmoja alipewa darasa, kitanda na chakula kwa mkataba uliokuwa umeandikwa miguuni mwake.

Enugu na Owerri si miji isiyo na historia kwa msomaji wa Kiswahili. Yote miwili ilipata kuwa makao ya serikali ya Biafra katika vita vya mwaka 1967 hadi 1970, na Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Ariri alizaliwa mwaka 1956, Igwebuike mwaka 1960. Kizazi chao kilikua katika nchi iliyokuwa ikijaribu kusimama tena, na kwa kijana wa kizazi hicho barua ya chuo kutoka ng'ambo ilikuwa na uzito ambao maneno ya ukocha hayawezi kuueleza.

Makocha wa futiboli wa Clemson hawakuchelewa kuwaona vijana wa Ibrahim. Ariri alianza kuwapigia mwaka 1977, na alipomaliza mwaka 1980 alikuwa amepiga mapigo 63 ya pointi 3, rekodi ya vyuo vya Marekani kwa wakati ule. Mwaka uliofuata nafasi hiyo ikamwangukia Igwebuike. Katika msimu huo wa 1981 Clemson haikupoteza mchezo hata mmoja, na usiku wa tarehe 1 Januari 1982, huko Miami, ilikutana na Nebraska. Clemson ilishinda 22 kwa 15, ukawa ubingwa wa kwanza wa taifa katika historia ya chuo hicho. Igwebuike alipiga mapigo 3 yaliyofaulu, yaani pointi 9. Tofauti ya ushindi ilikuwa pointi 7. Hesabu hiyo haihitaji mfafanuzi.

Wengi hudhani kwamba kutoka chuoni kwenda kwenye ligi ya kulipwa ni kuvuka kutoka kazi ndogo kwenda kazi kubwa ya namna ileile. Kwa mpigaji wa miaka ile haikuwa hivyo. Nguzo za vyuo zilikuwa na nafasi ya futi 23 na inchi 4 kati yake, karibu sawa na upana wa goli la soka. Nguzo za NFL zilikuwa na futi 18 na inchi 6. Chuoni mpigaji aliruhusiwa kuuwekea mpira kibao kidogo cha kuuinua. Katika NFL ulipigwa ukiwa juu ya ardhi tupu. Vyuo vilikuja kukikataza kibao hicho mwaka 1989 na kuzibana nguzo zao mwaka 1991, baada ya Ariri na Igwebuike kwisha kupita. Pigo lililokuwa zuri Jumamosi ya chuo lingeweza kugonga nguzo Jumapili ya kulipwa, pasipo mguu wenyewe kubadilika. Mhitimu aliyewahi kuvuka bahari na shahada yake, akaambiwa ughaibuni kwamba vipimo vya huku ni vingine, hatahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili.

Ariri alichaguliwa na Baltimore Colts katika raundi ya 7 mwaka 1981, lakini rekodi yake ya chuo haikumpatia nafasi. Miaka 3 ilipita kabla hajapiga mpira katika mchezo wa NFL. Mwaka 1984 alipata kiti katika Tampa Bay Buccaneers, timu iliyozoea kushindwa. Alifaulu mapigo 19 kati ya 26, idadi ya heshima kwa wakati ule. Mwisho wa msimu huo kocha John McKay aliondoka. Kocha mpya akaja na macho mapya, na katika uteuzi wa mwaka 1985 timu hiyo ilimchukua, katika raundi ya 10, mpigaji mwingine wa Clemson, naye pia Mnigeria. Msimu ulipoanza Igwebuike alikuwa uwanjani. Ariri hakuwapo.

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii unapoonekana wazi. Timu ya futiboli ina walinzi wengi, wakimbiaji kadhaa na wadakaji kadhaa. Kijana anaweza kuingia kama wa tatu, akajifunza, akasubiri mkubwa aumie au azeeke. Mpigaji ni mmoja. Hakuna wa pili katika benchi, wala hakuna nafasi ya kujifunza. Ndugu wawili wa mji mmoja wakifika katika mji huo wa ugenini, wa pili hawezi kupata kazi ila kwa kumwinua wa kwanza. Hapana sababu ya kudhani kwamba kati ya wawili hao palikuwa na ubaya wowote. Ubaya haukuhitajika. Mpangilio wenyewe ulitosha. Jumuiya za wahamiaji huambiwa kila siku zijivunie mwenzao aliyeketi kitini, na nadra kuulizwa ni kwa nini viti vyenyewe ni vichache kiasi hicho.

Ariri alirudi kwa muda mfupi, na namna alivyorudi ni sura peke yake. Septemba 1987 wachezaji wa NFL waligoma, wakidai uhuru wa kuhama timu mikataba yao inapokwisha. Wenye timu wakaajiri watu wa dharura, na kwa wiki 3 michezo ikachezwa na walinzi wa magodauni, walimu na wachezaji waliokwisha kutemwa. Timu ya Washington ilikuwa ya pekee ambayo hakuna hata mmoja wa wachezaji wake wa kudumu aliyeuvunja mgomo, na bado watu wake wa dharura walishinda michezo yote 3. Wa mwisho ulichezwa usiku wa Jumatatu tarehe 19 Oktoba dhidi ya Dallas, ambayo wakati huo ilikuwa na wachezaji kadhaa wa kudumu waliokwisha rejea kazini. Washington ilishinda 13 kwa 7. Mapigo mawili ya Ariri yalileta pointi 6, tena tofauti kamili ya ushindi. Mgomo ukaisha, wenye nafasi zao wakarudi, na watu wa dharura wakaondoka. Msimu huo Washington iliendelea hadi ubingwa. Pete za ubingwa walizostahili watu wale wa wiki 3 zilitolewa mwaka 2018.

Aliyekirudia kiti cha Washington baada ya mgomo alikuwa na jina litakalomshtua msomaji wa pwani: Ali Haji-Sheikh. Mtu wa Mombasa au wa Unguja angeuliza mara moja ni wa mtaa gani. Alizaliwa Ann Arbor, Michigan, kwa baba Muirani, akacheza katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1983, msimu wake wa kwanza katika New York Giants, alifaulu mapigo 35, idadi ambayo hakuna mpigaji wa NFL aliyekuwa ameifikia ndani ya msimu mmoja. Giants walishinda michezo 3 tu mwaka ule. Rekodi yake ilijengwa juu ya kushindwa kwa wenzake: kila waliposhindwa kufika mwisho wa uwanja, yeye aliitwa. Mwaka uliofuata alifaulu 17 kati ya 32. Kufikia mwaka 1986 alikuwa katika timu nyingine, na Giants walipotwaa ubingwa Januari 1987 kiti kilikuwa cha Mmeksiko, Raul Allegre.

Yeye naye alipata ubingwa wake mwaka mmoja baadaye. Tarehe 31 Januari 1988 Washington iliifunga Denver 42 kwa 10, na Haji-Sheikh alipiga mapigo yote 6 ya pointi moja moja yanayofuata tachidauni. Katika uteuzi uliofuata timu hiyohiyo ilimchagua kijana mpigaji, Chip Lohmiller, katika raundi ya 2, na safari ya Haji-Sheikh katika NFL ikafikia ukingoni. Ukihesabu tangu msimu wa 1987 ulipofunguliwa, kiti hicho kilikaliwa na watu 4 ndani ya mwaka mmoja: aliyeumia katika mchezo wa kwanza, Haji-Sheikh, Ariri, na Lohmiller. Watatu wa mwanzo walisaidia kuleta ubingwa, na hakuna aliyebaki.

Kwa kipimo hicho Igwebuike alidumu. Alikaa Tampa misimu 5, kutoka 1985 hadi 1989, katika timu ambayo katika miaka yote hiyo haikuwahi kumaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka wake wa kwanza alifaulu mapigo 22 kati ya 32, wa mwisho 22 kati ya 28. Mguu wake ulikuwa ukiongezeka uhakika kadiri alivyozeeka, jambo la kawaida kwa wapigaji, ambao hukomaa taratibu iwapo watapewa muda. Hata hivyo mwaka 1990 Tampa ilimtaka mpigaji mwingine, Mkanada aitwaye Steve Christie, na Igwebuike akaenda Minnesota Vikings. Huko alianza msimu bora kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Katika michezo 8 alifaulu mapigo 14 kati ya 16.

Novemba mwaka huo alikamatwa. Waendesha mashitaka wa serikali kuu walimshitaki katika jimbo la Florida kwamba alishiriki njama ya kuingiza heroini nchini. Katika kipindi ambacho nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za vita dhidi ya dawa za kulevya, Mnigeria mwenye jina kubwa alikuwa habari ya kuuza magazeti. Jezi yake ilivuliwa kabla ya kesi kusikilizwa. Mwaka 1991 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru.

Neno la Kiswahili ni zuri hapa: aliachiwa. Sheria ilimwachia, maana yake ilimtoa mkononi mwake. Kuachiwa si kurudishiwa. Mahakama ina uwezo wa kusema mtu hana hatia. Haina uwezo wa kumrudisha mpigaji mbele ya mpira. Kiti cha Minnesota kilikuwa kimekwisha kukaliwa na Fuad Reveiz, mzaliwa wa Bogotá, naye alikikalia vizuri kwa miaka 5. Igwebuike hakupiga tena mpira katika mchezo wa NFL. Jumla ya mapigo yake ilibaki palepale: 108 yaliyofaulu kati ya 143. Alikuwa hajatimiza miaka 30 siku aliyokamatwa, umri ambao kwa mpigaji ni mchana na wala si magharibi.

Mchezaji wa nyumbani akiingia katika mtihani wa namna hii, kuna watu wanaomjua. Watasema wamemlea, watabishana kwa ajili yake, na siku ya kutoka mahakamani watampigia vigelegele. Mcheza ugenini ana takwimu tu. Alikuwa ametuzwa kwa mapigo 14 kati ya 16, na tuzo hiyo ilikuwa ya haki, lakini ilikuwa tuzo ya mguu. Mashitaka yalipokuja hayakuushitaki mguu. Yalimshitaki mtu, na mtu huyo kwa miaka 6 hakuwa ameulizwa na wengi yeye ni nani.

Kulikuwa na sura moja zaidi. Mwaka 1994 ligi ya futiboli ya Kanada ilijaribu kujitanua ndani ya Marekani, na moja ya timu zake mpya ilikuwa katika mji wa Baltimore. Mji huo ulikuwa umenyang'anywa Colts, timu ileile iliyomchagua Ariri mwaka 1981, wakati mwenye timu alipoihamisha usiku mwaka 1984. Timu mpya ilitaka kuliokota jina hilo, NFL ikaenda mahakamani kulizuia, na msimu wote wa 1994 ikacheza bila jina la utani. Mpigaji wa timu hiyo isiyo na jina alikuwa Donald Igwebuike.

Sheria za Kanada za wakati ule zilikuwa na jambo ambalo mpigaji yeyote angelipenda. Pigo likikosa nguzo lakini mpira ukaingia eneo la mwisho, na wapinzani wasifaulu kuutoa, timu iliyokosa ilipewa pointi moja. Kosa nalo lilihesabiwa. Mtu aliyekuwa ametoka katika nchi ambayo hata kutokuwa na kosa hakukumsaidia, sasa alikuwa akifanya kazi chini ya sheria inayolipia kosa.

Baltimore ilifika fainali ya Kombe la Grey. Tarehe 27 Novemba 1994, mjini Vancouver, ilikutana na wenyeji, BC Lions. Timu ya Marekani haikuwa imewahi kucheza fainali hiyo, na Kanada nzima iliutazama mchezo kama suala la heshima ya taifa. Matokeo yalifungana 23 kwa 23 hadi mwisho. Mpira wa mwisho haukuwa wa Igwebuike. Ulikuwa wa Lui Passaglia, mpigaji aliyezaliwa Vancouver, aliyekuwa ameipigia Lions tangu 1976 na aliyekuja kumaliza misimu 25 katika timu hiyohiyo moja. Passaglia aliupitisha kati ya nguzo muda ukiwa umekwisha, na Lions wakashinda 26 kwa 23. Dakika chache kabla alikuwa amekosa pigo la karibu zaidi, na watu wake walimngoja. Mcheza kwao alitunzwa.

Msimu uliofuata Igwebuike aliipigia Memphis, timu nyingine ya jaribio hilo la Kanada. Timu hiyo ilidumu mwaka mmoja ikafungwa, na kazi yake ya kulipwa ikaishia hapo.

Wapigaji wa leo wamekuwa na uhakika mkubwa kuliko wa miaka ile. Rekodi ya Haji-Sheikh ya mapigo 35 ilishavunjwa. David Akers alifikisha 44 mwaka 2011. Kadiri uhakika unavyoongezeka ndivyo uvumilivu unavyopungua, na mpigaji anayekosa mara mbili Jumapili huweza kuamka Jumanne hana kazi. Vyuo navyo vimejifunza kuwakuza wapigaji wao wenyewe tangu utotoni, kwa kambi na walimu maalumu, kwa ufundi ule ule ulioletwa na kijana wa Budapest. Mtoto wa Texas sasa huuendea mpira kwa upande bila kujua kwamba mwendo huo ulikuja na wakimbizi.

Katika vitabu vya Clemson majina ya Ariri na Igwebuike bado yanasomeka karibu karibu, la kwanza likifuatiwa na la pili, kama yalivyofuatana viwanjani. Nambari zilizo mbele yao hazijabadilika: 63 kwa mmoja, na kwa mwingine mapigo 3 ya usiku ule wa Miami, pointi 9 katika ushindi wa pointi 7. Hiyo ni sehemu ya tuzo ya mcheza ugenini, na si ndogo. Iliyobaki inawadai walio kwao: kuyasoma majina hayo kwa sauti, kwa matamshi yake yanayostahili, mbele ya watoto ambao nao wamezaliwa mbali na wanaanza kujifunza kwamba mguu wao unapendwa.